Mche Uliojiotea Uani
Akaaye katika milima ya Usambara, akiona uani mwake mche wa majani membamba yenye ncha kali ambao hakuupanda, nasaha yangu ni asiung'oe kabla hajautazama kwa makini, kwani yumkini ni mwangati, mwerezi wa asili wa milima yetu, ambao mbegu zake huenezwa na ndege walao matunda yake, wakaziangusha chini ya ua wanapotua. Msonobari ulioletwa kutoka Mexico hutambulikana upesi, maana sindano zake, mche ukishakua kidogo, hufungamana tatu tatu na kuning'inia. Na mvinje wa pwani, ijapokuwa wafanana nao kwa mbali, si wa aila hiyo kabisa, kwa kuwa vijiti vyake vina vifundo kama vya mwanzi. Lenye mushkili ni saipresi, kwani katika uchanga wake nayo, sawasawa na mwangati, huvaa sindano fupi kabla ya magamba. Hapo sharti kusubiri miaka, hata tunda liamue: la saipresi hukauka likapasuka, la mwangati (ukiwa jike, maana una madume na majike) ni dogo, laini, la buluu iliyokoza. Subira hiyo yastahiki kabisa, maadamu mwangati ulikatwa mno huko Shume kwa ajili ya mbao tangu zama za Wajerumani.