Binti Mfalme na Kibanja

Yuko binti mmoja wa mfalme ambaye nimechoka naye. Msomaji humkuta katika riwaya nyingi za kihistoria: mzuri wa sura, amefungiwa ndani, anamkataa mume aliyechaguliwa na baba yake, na usiku wa manane anaruka ua na kutoroka na kijana ampendaye. Mwandishi analiita jambo hilo uhuru. Sisi tunafunga kitabu tumeridhika, maana hatukuombwa kutoa chochote.

Sina ugomvi na mapenzi. Nagombana na hadithi hiyo kwa sababu inafunika mambo ambayo wanawake wa majumba ya kifalme waliyagombania hasa, yaani kiti na urithi.

Mtazame Bibi Salme wa Unguja, binti wa Sayyid Said. Kila mtu anajua kwamba mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, kisha akaolewa na Mjerumani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, na kwamba mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za uasi wa kaka yake Barghash. Mwaka 1885 na tena 1888 alirudi Unguja, mjane mwenye watoto, kudai mali yake ya urithi. Hakupewa. Barghash yule yule, sasa akiwa Sultani, alikataa hata kumwona. Haya ndugu msomaji, kati ya kutoroka na kurudi, kipi kilihitaji moyo zaidi?

Na sisi wa Bukoba hatuna haja ya kuvuka bahari. Mji wetu huu, Wajerumani walipokuwa wakiutawala, ulimhifadhi mfungwa mwanamke ambaye sijasikia mtaa uliopewa jina lake. Ni Muhumusa, aliyejitambulisha kuwa mjane wa Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata Musinga alikalishwa kitini baada ya mauaji ya Rucunshu, na baadaye Wajerumani wakamkingia kifua. Muhumusa alishikilia kwamba kiti ni cha mwanawe. Wajerumani walimkamata, wakamleta Bukoba, wakamweka kizuizini kwa miaka miwili hivi. Walidhani wamemaliza kazi.

Mwaka 1911 alikuwa huru, akavuka hadi Ndorwa, upande wa Waingereza. Watu wakaona kwamba Nyabingi amemshukia, naye akatangaza kuwa atawafukuza Wazungu. Septemba mwaka huo huo jeshi la Waingereza lilimshambulia, akapigwa risasi mguuni, akakamatwa. Walimweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Hesabu mwenyewe, ni miaka 34! Serikali haimfungi mtu muda wote huo kwa kosa la kupenda. Wala hakuwa malaika. Wakubwa wa vijiji waliokataa kumfuata walikiona cha moto. Alikuwa mama wa makamo aliyetaka kutawala, na nadhani ndiyo maana waandishi wa mapenzi hawana hamu naye.

Sasa tuteremke Muleba, ambako hakuna jumba la kifalme katika kisa changu, ila kibanja. Kwetu kibanja ndicho ufalme wa kila nyumba: migomba, mibuni, na makaburi ya wazee. Mwanamke anakipalilia na kukitandaza nyasi maisha yake yote. Sheria ya mila iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 ilisema anaweza kurithi shamba la ukoo alitumie tu, asiliuze, isipokuwa ukoo umekosa wanaume kabisa.

Bibi mmoja Mhaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Mwana wa ndugu yake alikimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikapindua. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatamka kwamba sheria ile ni ya ubaguzi, inapingana na Katiba, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza.

Nitaambiwa kwamba makaburi hayauzwi. Vizuri. Lakini wanaume wa koo zetu wameuza vibanja, wengine kwa sababu za pombe, na mila iliwaachia ndugu njia ya kukomboa kwa kurudisha bei. Makaburi yalianza kupiga kelele siku mwanamke aliposhika kalamu.

Bibi yule hakuruka ua. Alikaa pale pale, akashtakiwa, akajibu. Miaka 25 baadaye, mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na haki za wanawake ilikuwa bado inaitaka Tanzania ibadilishe sheria hizo za mila, baada ya wajane wawili wa Shinyanga kutolewa na wakwe zao katika nyumba walizoishi na waume zao. Hao nao hawakuwa mabinti wa mfalme.