Kiraka cha Neno Moja

Katika vyuo vyetu mwanachuo hufundishwa kwa uangalifu namna ya kuandaa somo, lakini kusahihisha madaftari huachiwa kalamu nyekundu na bahati. Maoni yangu ni kwamba kusahihisha ni kufundisha, na kwamba msahihishaji asiyetafuta mahali ambapo jibu litavunjika bado hajasahihisha kitu. Ili kulieleza jambo hili nitachukua mfano kutoka kwa watu walio mbali na ubao wetu, yaani waandishi wa programu huria za kompyuta.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, ili kila mtu aweze kuyasoma na kupendekeza marekebisho. Pendekezo hilo huitwa kiraka. Huonyesha mistari inayoondolewa na ile inayotiwa mahali pake, pamoja na sababu, na kabla ya kupokewa husomwa na mhakiki. Baadhi ya viraka ni vya neno moja tu, vya kuiwezesha programu iliyozoea kompyuta ya aina moja ifanye kazi katika aina nyingine.

Chukueni lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha hiyo ina kisanduku kidogo cha kuwekea herufi, kiitwacho char, ambacho kwa kawaida chaweza kubeba namba 256 tofauti. Lakini kanuni za lugha hazikuamua kama namba hizo ni kuanzia 0 hadi 255, au hasi 128 hadi 127. Katika Linux, kompyuta zenye prosesa ya aina ya x86, zilizozoeleka mezani, hukubali namba hasi. Zile za aina ya ARM, kama Raspberry Pi, hazikubali.

Sasa tuseme mtu ameandika programu ya kusoma faili herufi baada ya herufi. Faili likiisha, kompyuta hutoa alama ya mwisho, ambayo aghalabu ni hasi 1. Mwandishi huyo ameweka kila herufi, na alama hiyo pia, katika char. Kwake mambo yaenda vema. Katika Raspberry Pi, hasi 1 hugeuka kuwa 255, mwisho hautambulikani kamwe, na programu huzunguka pasipo kikomo. Mtu wa pili aleta kiraka: badala ya char iandikwe signed char, yaani kisanduku kinachokubali namba hasi. Aijaribu, na programu yasimama inapotakiwa.

Mhakiki mvivu atatia vema, kwani kosa lililolalamikiwa limekwisha. Mhakiki mwenye haraka ataandika jibu mwenyewe: tumia int, kisanduku kikubwa zaidi. Mimi namsifu wa tatu, ambaye huuliza: "Je, itakuwaje faili likiwa na namba 255 ndani yake?" Swali hilo latosha. Mleta kiraka akijaribu faili la picha la aina ya JPEG, ambalo huanza na namba hiyo hasa, ataona programu ikisimama mwanzoni kabisa, kwa kuwa 255 imegeuka kuwa hasi 1 ikadhaniwa kuwa ndiyo mwisho. Hapo atatambua kwamba kisanduku cha namba 256 hakiwezi kubeba herufi 256 pamoja na alama moja ya ziada. Ataandika int kwa mkono wake, na kiraka kitabaki kuwa chake.

Darasani kwetu kosa la namna hii ni la kila siku. Mtoto atoa 57 − 32, apata 25. Vema. Atoa 68 − 41, apata 27. Vema tena. Huenda anayo kanuni yake ya siri: katika kila safu, toa tarakimu ndogo katika ile kubwa. Kanuni hiyo haitamwangusha maadamu mwalimu hutoa hesabu zisizohitaji kukopa. Siku atakapopewa 52 − 37 atajibu 25 badala ya 15, na mwalimu atashangaa ni lini mtoto huyu mwerevu ameharibika! Na akiandikiwa 15 kwa wino mwekundu, atainakili na kubaki na kanuni yake ile ile. Heri mwalimu amwandikie chini ya kazi yake 40 − 18, kisha amtake ahakikishe jibu kwa kujumlisha. Atapata 38, akijumlisha na 18 atapata 56, na mshangao utakuwa wake yeye.

Jambo moja tusiliige. Baadhi ya wahakiki wa programu wamejulikana kwa ulimi mchungu. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwezi Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa maneno yake makali, akapumzika kazi kwa muda. Nao aliowakaripia walikuwa watu wazima.

Nitajibiwa kwamba mhakiki ana kiraka kimoja mbele yake, hali mwalimu ana madaftari sabini. Ni kweli, wala siudharau mzigo huo. Lakini swali moja laweza kuandikwa ubaoni kwa ajili ya darasa zima. Kwa hiyo wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha waandike katika andalio la somo, chini ya hesabu kumi za zoezi, hesabu ya kumi na moja, iliyochaguliwa ili kuivunja kanuni ya uongo wanayodhani imejificha katika zile kumi.