HADITHI INAYOUA



Juzi katika kikao cha tawi hapa Nachingwea mzee mmoja alitusimulia habari za mumiani. Alikuwa mtoto zamani za karanga, mpango ule wa Waingereza ulioanza 1947 ukavunjika 1951. Jua likichwa, alisema, hakuna aliyethubutu kusogelea gari la mzungu, kwani lilisemekana kunyonya damu. Tulicheka sana.

Lakini hadithi ile haikuwa ya kipumbavu. Wazungu wa Tanganyika walikuwa kama elfu 20, Waafrika zaidi ya milioni 8. Hata hivyo mwaka 1955 katika Baraza la Kutunga Sheria wajumbe wa wananchi walipangwa 10 Waafrika, 10 Waasia, 10 Wazungu. Hesabu gani hiyo! Na katika kura tatu za 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua mtu wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Mtu aliyenyimwa sauti barazani aliisemea jikoni, usiku, kwa jina la mumiani.

Basi kicheko hakijaisha, kijana mmoja akadakia: “Na zeruzeru je? Si hafi, hutoweka tu?” Watu wakacheka vile vile.

Mimi sikucheka. Mumiani alibuniwa na wengi wasio na nguvu juu ya wachache wenye bunduki na sheria. Hii ya pili imebuniwa na wengi wenye nguvu juu ya wachache wasio na kitu. Mtu asiyekufa hana maziko, na asiye na maziko hana wa kumdai. Mganga na mnunuzi wa viungo wanataka nini zaidi? Mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto ambaye hajatimiza hata miaka 3 aliibwa kwao akauawa. Alikufa, ndugu zangu. Hakutoweka.

Marehemu Shaaban Robert mwaka 1951 alibuni Kusadikika, nchi iliyo angani, akamsimamisha Karama peke yake mbele ya baraza zima, nasi tukasikia utetezi wake. Enyi vijana mnaotunga hadithi za nchi zisizokuwepo, mbona mtu mwenye ualbino kwenu ni jini tu au hirizi? Mpeni kinywa! Watu wa Lindi Mjini walimpa kiti kabisa: mwaka 2010 walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao, naye ana ualbino.

Na sisi wa chama tusijifiche nyuma ya waandishi. Jua la Nachingwea linawaua hawa ndugu kwa saratani ya ngozi, polepole, bila panga wala mganga. Nimekwisha mwandikia katibu wa tawi: kikao kijacho kianze na hesabu ya kofia pana na mafuta ya kukinga jua yaliyomo katika zahanati zetu, na yule kijana ndiye atakayetumwa kuhesabu.