Mali ya Askari, Daftari la Mlaji

Wapo wanaosema kuwa Ed Mullins alikuwa samaki mmoja tu aliyeoza. Mimi sikubaliani nao. Mullins aliongoza chama cha masajenti wa polisi mjini New York tangu 2002 hadi 2021. Mwaka 2023 alikiri mahakamani kosa la ulaghai, akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na kuamriwa kurudisha dola 600,000. Alikuwa akila katika mikahawa ya kifahari, kisha akidai chama kimrudishie gharama hizo kana kwamba ni za kazi. Zililipwa kwa ada za wanachama.

Wizi huo ulianza 2017. Ni baada ya FBI kupekua ofisi za chama, Oktoba 2021, ndipo viongozi wenzake walipomtaka ajiuzulu. Je, maelfu ya wanachama, ambao kazi yao ni kukamata wezi, walikuwa wapi miaka yote hiyo?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari linaloandikwa na mlaji mwenyewe si daftari. Anayelipa ada ana haki ya kuona risiti. Asipoidai, anamzoesha kiongozi wake kula. Sisi wanafunzi wenye vyama vyetu tusingoje wapelelezi.