POINTI ZIPIME MIGUU, ZISIPIME NAULI



Katika Kanda ya Ziwa baiskeli si kitu cha anasa. Ndiyo ibebayo maji, pamba, mkaa, na pengine mgonjwa. Mtoto wa Shinyanga au wa Simiyu hujifunza kuiendesha kabla hajaweza kukikalia kiti chake, akiupitisha mguu mmoja katikati ya fremu. Basi si ajabu kwamba mbio za baiskeli zikitangazwa huko, watu hujaa kando ya barabara tangu asubuhi. Lakini leo nataka kusema juu ya kitu ambacho watazamaji hawakioni, nacho ni daftari la pointi.

Yako mashindano ya mikoa ya vijana wa ridhaa, yaani wasiolipwa mshahara kwa mchezo huo, ambayo hayamalizwi kwa mbio moja. Hukimbiwa raundi kadhaa, leo mji huu, mwezi ujao mji ule, na mwisho pointi hujumlishwa ili bingwa apatikane. Mpango huo ni mzuri, kwa kuwa hauwezi kuharibiwa na msumari mmoja barabarani. Lakini ukipangwa vibaya, hudhulumu kuliko msumari.

Msimu mmoja niliyafuata mashindano ya namna hiyo, ambayo sitayataja kwa jina. Raundi zilikuwa tano. Wa kwanza alipewa pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6. Kijana mmoja mchukuzi wa mkaa alishinda raundi tatu. Raundi mbili hakuonekana. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mzee, nauli ya kwenda na baiskeli, na mahali pa kulala, ningevitoa wapi?" Bingwa akawa bwana mmoja mwenye gari la kumbebea baiskeli yake, aliyekuwa wa pili mara nne na wa tatu mara moja. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji: huyu 38, yule 30. Bwana yule hakumtangulia kijana hata siku moja walipokutana, na kombe akaenda nalo yeye.

Simlaumu bwana yule. Alifuata kanuni, na miguu yake ilitoka jasho kama ya wenziwe. Ninayoilaumu ni kanuni iliyohesabu nauli ikadhani inahesabu mbio.

Wako watakaosema kwamba anayehudhuria kila mara anastahili malipo yake. Ni kweli, kudumu ni sifa. Lakini kudumu kwa mtu mwenye gari si sawa na kudumu kwa mtu ambaye siku asiyochukua mkaa nyumbani kwake hakuliwi. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni zaidi ya kilomita 150. Mwenye baiskeli ya mizigo afanye nini? Aiendeshe njia yote Jumamosi, kisha Jumapili ashindane?

Tusidhani kwamba kasoro za pointi ni zetu peke yetu. Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalianza mwaka 1903 kwa kuhesabu saa. Mwaka 1904 udanganyifu ulizidi hata watu wanne wa kwanza wakanyang'anywa ushindi. Ndipo kuanzia 1905 hadi 1912 bingwa akatafutwa kwa pointi. Mwaka 1913 wakarudi kwenye saa. Hata hivyo pointi hazikutupwa: mwaka 1953 zilipewa kazi yake zenyewe, ya kumpata mvaaji wa jezi ya kijani. Jezi hiyo mwaka 2024 ilitwaliwa na Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika wa kwanza kuishinda.

Na si zamani tu. Katika hesabu za chama cha baiskeli cha dunia, UCI, za miaka 2020 hadi 2022, aliyeshinda mbio ya siku moja ya daraja la 1.1 alipata pointi 125, na aliyeshinda siku moja ya Tour de France alipata 120. Timu zilizoogopa kushushwa daraja zikakimbilia mbio ndogo kutafuta pointi. Watu wakapiga kelele, na kuanzia 2023 ushindi wa siku moja ya Tour ukapandishwa hadi pointi 210. Fundisho ni lipi? Pointi hazikushuka kutoka mbinguni. Zimeandikwa na watu, na watu wanaweza kuzisahihisha.

Basi sisi tusahihishe nini?

Kwanza, mtu ahesabiwe matokeo yake mazuri kupita nusu ya raundi, si raundi zote. Zikiwa tano, zihesabiwe tatu. Kwa hesabu hiyo yule mchukuzi wa mkaa angekuwa na 30 na bwana yule 24. Zikihesabiwa nne, kijana angeshindwa tena, 32 kwa 30. Mnaona jinsi kanuni ya mstari mmoja inavyotengeneza bingwa au kumvunja.

Pili, kila mkoa utafute lori moja la kuwachukua washindani wake pamoja na baiskeli zao. Fedha ya kombe kubwa la kung'aa ipunguzwe ilipe mafuta. Kombe hukaa kabatini. Lori huleta wakimbiaji.

Tatu, baiskeli za gia na baiskeli za mizigo zisishindanishwe katika daftari moja. Kumweka mwenye chuma kizito karibu na mwenye baiskeli nyepesi ya gia, kisha kuwapima kwa pointi zile zile, si mchezo.

Nne, wanawake wawe na daftari lao na raundi zao kamili. Haifai kuwapa mbio moja fupi ya kufurahisha wageni, halafu wakaambiwa hawana pointi za kutosha kuchaguliwa.

Tano, orodha ya pointi itangazwe kabla ya raundi ya kwanza, pamoja na njia ya kuwaamua waliolingana. Katika mbio za siku nyingi, waliolingana kwa pointi hutenganishwa kwanza kwa kuangalia nani ameshinda siku nyingi zaidi. Nasi tufanye hivyo: mwenye ushindi mwingi atangulie. Na raundi iliyokimbiwa na watu sita isitoe pointi sawa na iliyokimbiwa na watu sitini.

Sita, mwamuzi wa mstari wa mwisho asitoke katika mkoa wenyeji, na matokeo yabandikwe ubaoni jioni ile ile, kila mtu ayasome na mwenye malalamiko ayatoe. Daftari linalokaa mfukoni mwa mtu mmoja huota miguu usiku.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi wala mtaalamu wa kigeni. Yanahitaji kamati kukaa siku moja, kuandika ukurasa mmoja, na kuuheshimu. Mwaka 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Kigali si mbali na Mwanza. Lakini njia ya kijana wetu kufika katika mbio kama zile inaanzia katika daftari la mkoa, na daftari likiwa pofu, hatutamjua.

Yule mchukuzi wa mkaa nilimwona tena mwaka uliofuata. Alikuwa amesimama kando ya barabara na mzigo wake, akiwatazama wenziwe wakipita. Nikamwuliza mbona hashindani. Akacheka, akasema, "Mzee, mimi nilishinda mara tatu. Sasa nishinde mara ngapi?"

Wenye kamati zetu, jibu la kijana huyu mnalo ninyi.

Mpenda Baiskeli