Ofisa wa forodha si adui wa kurushiwa mawe



Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa 16 sasa. Mwezi uliopita, kwenye kituo kimoja cha mpakani, nilimwona ofisa wa forodha, binti mdogo tu, akizingirwa na vijana wa bodaboda kwa sababu alikamata sukari iliyopitishwa njia ya panya. Mmoja alimpokonya daftari, mwingine akaokota jiwe. Mikono ya yule binti ilitetemeka, lakini mfuko wa sukari hakuuachia. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulitazama tu. Wengine walishangilia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haina mchezo: ukimjeruhi kwa makusudi ofisa akiwa kazini, kifungo chaweza kufika miaka 20. Kumzuia kazi yake nako ni kosa. Vijana wale watajuaje, nayo sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza?

Naomba vifungu hivyo vibandikwe kwa Kiswahili kwenye vijiwe vya bodaboda na maegesho ya malori, pamoja na kifungu kinachombana ofisa mla rushwa, maana nacho kimo.

Dereva wa lori,
Arusha