Kijiti Kilichowekwa Bure Kitatolewa na Nani?

Mazungumzo kuhusu upangaji uzazi katika nchi hii aghalabu huishia mahali pamoja: wanawake wangapi wamekubali, na wangapi bado. Tangu mwaka 1967, Kenya ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo, hesabu inayotangazwa imekuwa ya wanaoingia. Ni nadra kumsikia afisa wa afya jukwaani akitaja idadi ya waliotaka kutoka, seuze kueleza kama walipata njia.

Suala hili si dogo. Mwanamke anayemeza tembe akitaka kuacha, huacha. Aliyedungwa sindano hungoja miezi mitatu ipite. Lakini aliyewekewa kijiti chini ya ngozi ya mkono, au koili katika mji wa mimba, hana budi kumwendea mhudumu wa afya, na mhudumu huyo awe na ujuzi, vifaa, nafasi na hiari. Kikikosekana kimojawapo kati ya hivyo vinne, uamuzi wa mwanamke hubaki kuwa matakwa tu.

Na wanaohusika ni wengi. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba mnamo 2008-09 takriban asilimia 2 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia vijiti. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 10, na katika utafiti wa 2022 wakafika asilimia 19, yaani karibu mmoja kati ya kila watano. Mabadiliko hayo yalichangiwa sana na makubaliano ya mwaka 2013 baina ya watengenezaji na wafadhili wa kimataifa, yaliyoishusha bei ya kijiti kutoka dola 18 hivi hadi dola 8.50. Vijiti vikamiminika. Kambi za matibabu zikapigwa viwanjani, wanawake wakapanga foleni, wakawekewa, na jioni mahema yakang'olewa.

Sasa tuwageukie waliobaki vituoni baada ya mahema kuondoka. Ukizungumza na wauguzi wa zahanati za mashinani utagundua kwamba wengi wao hawaipingi huduma ya kutoa vijiti. Wanaiogopa. Kuweka kijiti ni kazi ya dakika chache. Kutoa ni upasuaji, hata kama ni mdogo: kijiti hupapaswa kwanza hadi kijulikane kilipo, ngozi ikatiwa ganzi na kuchanjwa kidogo, ncha ikasukumwe hadi ijitokeze, utando ulioota kukizunguka ukapasuliwe, ndipo kishikwe kwa koleo ndogo na kuvutwa. Aliyekiweka akikizamisha kupita kiasi, hakuna anayeruhusiwa na kanuni za taaluma kukata kwa kubahatisha. Mwanamke sharti apelekwe penye mashine ya ultrasaundi na daktari mzoefu, na huenda hospitali ya aina hiyo iko makao makuu ya kaunti, safari ya nauli kwenda na nauli kurudi.

Kumbe muuguzi huyo alifunzwa nini? Mara nyingi aliitwa kwenye warsha, akajizoeza kuweka kwenye mkono wa bandia, kisha akawawekea wanawake halisi hadi mkufunzi aliporidhika. Siku ya kujifunza kutoa hapakuwa na wa kutolewa, kwa kuwa wote walikuwa wamewekewa juzi. Hebu mwalimu awazie mtaala unaofundisha kujumlisha darasani, na kuahirisha kutoa hadi mwanafunzi atakapokutana nako sokoni. Baada ya miaka mitatu au mitano wanawake walewale wakaja na mikono yao, na muuguzi akabaki na kumbukumbu ya maelezo aliyoyasikia mara moja.

Hata mwenye ujuzi hukwama. Wembe wa upasuaji, koleo, dawa ya ganzi, glavu na shashi vyote hutegemea bohari ya kituo. Ikiwa bohari ni tupu, muuguzi hununua kwa pesa zake, au humwagiza mwanamke dukani, au humwambia arudi wiki ijayo. Huku nje, watoto wa chanjo wanalia na mama mjamzito ameshika kiuno. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima atapima: kazi hii ya nusu saa, au wale kumi walio kwenye benchi? Nani atamlaumu?

Mimi nitamlaumu kwa jambo moja tu, nalo halihusiani na wembe. Wapo wahudumu wenye kila kifaa ambao humrudisha mwanamke kwa maneno. "Bado una miaka miwili." "Vumilia, damu itakauka." "Mume wako anajua?" Miongozo ya kitaifa haidai ruhusa ya mume ili mwanamke apewe au aondolewe mbinu yoyote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na hakikuongeza kwamba haki hiyo husubiri kijiti kimalize muda wake. Ni kweli kwamba ushauri una nafasi yake. Damu isiyo na mpangilio, ambayo ndiyo inayowasumbua wengi, yaweza kutibiwa, na mwanamke anastahili kulijua hilo kabla ya kuamua. Lakini ushauri hutolewa kwa kikao kimoja, na mwisho wake ni swali: basi umeamua nini? Mwanamke anayerudishwa mara tatu hashauriwi tena. Anachoshwa mpaka akate tamaa.

Wahudumu wenyewe hueleza kwa nini hufanya hivyo, na maelezo yao yafaa kusikilizwa. Kituo hupewa shabaha ya idadi ya watumiaji, na kila anayetolewa kijiti huonekana kama pengo katika ripoti. Isitoshe, muuguzi amewaona wanawake waliotolewa leo wakarejea na mimba wasiyoitaka baada ya miezi michache. Anadhani anamwokoa huyu. Nia yake ni njema, ila matokeo ni kinyume cha anachokitaka, maana habari za aliyenyimwa husafiri kijijini haraka kuliko mabango ya wizara. Jirani aliyekuwa akifikiria kuwekewa huahirisha. Wengine, kwa kukata tamaa, hujaribu kujitoa wenyewe kwa wembe wa nyumbani, na muuguzi aliyekosa nusu saa ya kukitoa kijiti huipata saa nzima ya kushona jeraha.

Hatuwezi kusema hatukuonywa. Kijiti cha kwanza kuenea duniani, Norplant, kilikuwa na vipande sita, na kiliidhinishwa Marekani mnamo Desemba 1990. Haukupita muda mrefu kabla maelfu ya wanawake wa huko kwenda mahakamani, baadhi wakilalamikia maumivu na makovu ya kutolewa vipande hivyo. Kufikia 2002 mauzo yake Marekani yalikuwa yamekoma. Vijiti vya siku hizi ni kimoja au viwili, na ni rahisi zaidi kutoa. Hata hivyo urahisi huo wahitaji mkono uliofunzwa.

Sisi tuliongeza matatizo yetu. Tazama tarehe. Vijiti vya miaka mitatu vilivyowekwa 2014 vilifikia kikomo 2017, mwaka ambao madaktari walikuwa na mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba iliyotangulia, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Vile vya miaka mitano vya 2015 vikafikia kikomo 2020, wakati wa korona, watu walipoogopa hata kupita karibu na hospitali. Ugatuzi wa afya wa 2013 nao ulikuwa umezigawia kaunti wajibu wa vituo na watumishi, huku fedha nyingi za kununulia vijiti zikiendelea kutoka kwa wafadhili.

Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mjadala uliozuka ukawa wa vijiti vipya: vitatoka wapi, vitanunuliwa na nani. Hilo ni swali la haki. Ila vile ambavyo tayari vimo mikononi mwa wanawake havikuondoka na wafadhili, na tarehe zake zinafika mwaka baada ya mwaka. Kaunti zinapoandika bajeti, zitenge fedha za wembe, koleo na ganzi kwa kadiri ya vijiti vilivyowekwa miaka mitatu na mitano iliyopita. Idadi hiyo imo katika madaftari ya vituo vyao wenyewe. Navyo vyuo vya mafunzo ya utabibu visimpitishe muuguzi kuwa amehitimu huduma hii kabla hajakitoa kijiti mbele ya mwalimu wake.